Mal ya Kikorea: farasi, maneno au debe la mchele?

Anayejifunza Kikorea akifika kwenye 말, linalotamkwa "mal", huanza kulalamika kwamba Wakorea wamelitwika neno moja mizigo mingi mno. Lakini na sisi tuna kaa: kaa la moto, kaa wa baharini na kaa kitako. Kinachotuokoa ni ngeli. "Kaa limezimika" na "kaa amenibana" hazihitaji maelezo. Kikorea hakina ngeli, kwa hiyo ukingoja kiambishi kikuambie hii ni mal ipi, utangoja sana. Kazi hiyo inafanywa na kitenzi kinachofuata pamoja na neno la kuhesabia. Usikariri 말 likiwa peke yake.

Kuna mal tatu kubwa, zote za Kikorea asilia: maneno au usemi, farasi, na kipimo cha nafaka. Tuanze na kipimo kwa kuwa ndicho chepesi. Ujazo wake ni takriban lita 18, karibu sawa na debe la zamani la galoni 4. 쌀 한 말 (ssal han mal) ukiitafsiri "debe moja la mchele" hujakosea. Doe (되) 10, kila moja lita 1.8, hujaza mal moja, na mal 10 ni seom (섬) moja.

Sasa angalia mahali pa namba. Kipimo hufuata namba: 한 말, mal moja. Farasi na maneno hutangulia, kisha huja namba na neno la kuhesabia. Farasi mmoja ni 말 한 마리 (mal han mari), kwa sababu mari huhesabu wanyama. Neno moja ni 말 한마디 (mal hanmadi). Ukiiona madi, mnyama hayupo hapo.

Kwa vitenzi, andika jozi nzima kwenye daftari. 말을 타다 (tada) ni kupanda farasi. 말을 하다 (hada) ni kusema. Hizo hazisumbui mtu. Zinazosumbua ni hizi: 말을 걸다 (geolda), neno kwa neno "kutundika maneno", maana yake kuanza kumsemesha mtu, 말을 듣다 (deutda), "kusikia maneno", ambayo mara nyingi ni kutii, na 말을 놓다 (nota), "kuweka maneno chini", yaani kuacha lugha ya heshima na kuanza kuzungumza kirafiki. Wanafunzi wengi hudhani hii ya mwisho inahusu farasi aliyefunguliwa kamba. Na 말이 없다 (mari eopda) inaweza kuwa "hakuna farasi" au "ni mkimya". Hapo muktadha tu ndio utakaoamua.

Wakorea wenyewe hucheza na utata huu. Methali yao 발 없는 말이 천 리 간다 husema mal isiyo na miguu huenda ri elfu moja, karibu kilomita 400. Ni neno linalosambaa, lakini picha ya farasi asiye na miguu inakujia hapo hapo. Ukitafsiri "neno" peke yake, utani wote umemwagika.

Zamani mal hizi tatu hazikuwa neno moja. Katika maandishi ya karne ya 15, baada ya mfalme Sejong kutangaza alfabeti yake mwaka 1446, vidoto vya kushoto kwa silabi vilionyesha kidatu, yaani kupanda na kushuka kwa sauti. Farasi hakuwa na kidoto, kipimo kilikuwa na kimoja, usemi viwili. Farasi alikuwa hata na irabu yake, ᄆᆞᆯ, ambayo baadaye ilimezwa na "a". Herufi yake ikaondolewa kwenye tahajia mwaka 1933. Kisiwani Jeju, kwenye farasi wengi, irabu hiyo bado husikika kwa wazee, karibu na "mol". Kwa lafudhi za Gyeongsang, kusini-mashariki mwa Korea, kidatu bado hutenganisha mal hizi. Katika matamshi sanifu, mal ya usemi ni ndefu na ya farasi ni fupi, lakini vijana wa Seoul hawatofautishi, kwa hiyo usipoteze miezi kufanyia mazoezi urefu huo. Ni kama mkazo wa barabara na barabara: hauandikwi, na sentensi huusaidia.

Kisha kuna mal zilizotoka Kichina. Iliyo muhimu ni 末, "mwisho": 주말 (jumal) mwisho wa wiki, 연말 (yeonmal) mwisho wa mwaka, 3월 말 mwishoni mwa Machi. Soksi, 양말 (yangmal), zina mal nyingine kabisa, 襪, na yang ni "ya kimagharibi". Ila 정말 (jeongmal), "kweli", ina mal ya usemi. Kwenye kamusi, tazama kama kuna herufi ya Kichina pembeni. Isipokuwepo, uko kwenye Kikorea asilia. Namba ndogo juu ya neno hutenganisha vitawe, kwa hiyo iandike namba hiyo pia.

Mwisho ni kitenzi 말다 (malda), nacho kina sura tatu: kukunja kwa kuviringisha, kama gimbap (wali uliozungushiwa mwani), kutia wali ndani ya supu, na kuacha au kutofanya. Hii ya tatu ndiyo iliyo kila mahali: 가지 마세요 (gaji maseyo), usiende. Herufi ㄹ hudondoka mbele ya "s" na "n", ndiyo maana watu hukwama wakitafuta "ma" kwenye kamusi. Kitenzi hicho na mal ya usemi hukutana katika 말도 마 (maldo ma), ambayo Mswahili angesema: "We acha tu!"