Jibu: Majirani wa Ujerumani na mgeni anayehamia

Ndugu yangu, umeuliza kama ni kweli kwamba majirani wa Ujerumani hawamjali mgeni, kwa kuwa mwezi ujao unahamia Stuttgart. Mimi ninaishi huku, na nasema wanajali, ila hawaanzi wao: kwa desturi yao, anayehamia ndiye anayegonga milango kujitambulisha, kinyume na kwetu ambako mwenyeji ndiye huja kumkaribisha mgeni. Nilipokwisha kujitambulisha, bibi mmoja wa ghorofa ya chini alinipeleka hadi kwenye mapipa ya taka na kunionyesha, moja baada ya jingine, lipi ni la karatasi na lipi ni la maganda ya vyakula. Kisha akanieleza zamu ya kufagia ngazi, ambayo hutambulika kwa kibao kinachotundikwa mlangoni mwa mwenye zamu. Tangu hapo hunipokelea vifurushi nikiwa kazini. Wapo wanaonuna, sikatai. Epuka kelele baada ya saa nne usiku na Jumapili kutwa, hata kutoboa ukuta, maana hilo huwaudhi kuliko ugeni wako. Ukialikwa kahawa saa tisa alasiri, fika saa tisa.