Kuona Nyota Ukiinuka na Chuma

Swali: Nikichuchumaa na chuma cha kilo 60 mabegani, nikisimama naona nyota. Ni njaa? Msomaji, Jinja.

Jibu: Kama hukula hata rolex moja (chapati iliyoviringishwa na mayai), njaa imo. Ila tunashuku pumzi zaidi. Ukiibana marudio matatu mfululizo, presha hupanda, kisha hushuka ghafla ukiiachia, na ubongo hupungukiwa damu.

Ukiwa umesimama, vuta pumzi ijaze tumbo na mbavu mpaka mkanda ukubane kiunoni. Mabega yakiinuka, umekosea. Ibane ukishuka. Ukiinuka na kupita pale pagumu, itoe polepole kwa mdomo, kama anayepuliza chai ya moto. Juu, vuta upya kabla ya rudio jingine. Anza na kilo 40.

Mwenye presha asibane kabisa. Ukizimia, daktari kwanza.