Chakula Usichokipenda: Jua Kwanza Kinachokukera

Ukiambiwa hospitali ule kitu usichokipenda, ushauri wa mtaani huwa ni mmoja: "Ziba pua umeze, ni dawa hiyo." Mimi siukubali ushauri huo. Dozi ina mwisho, lakini chakula ni cha kila siku. Anayekula mlenda kwa kuziba pua atavumilia wiki hii na ijayo, kisha atarudi kwenye alichozoea, na afya yake itabaki palepale.

Nasema hivi kwa sababu ya damu. Nilikuwa nachoka hovyo, nikipanda ngazi moyo unakwenda mbio, nikiinuka ghafla naona kizunguzungu. Kipimo cha wingi wa damu kikaonyesha himoglobini 8.7. Kwa mwanamke asiye mjamzito, Shirika la Afya Duniani huhesabu chini ya 12 kuwa upungufu wa damu. Kwa mjamzito ni chini ya 11, isipokuwa miezi mitatu ya katikati ya mimba, ambapo ni chini ya 10.5. Nikapewa vidonge vya madini ya chuma, na pamoja navyo nikaambiwa nile dagaa, maini, mboga za majani na jamii ya kunde. Katika orodha yote hiyo nilikuwa napenda maharage tu. Dagaa wakikaangwa, mimi hutoka jikoni. Maini yalikuwa yananitia kichefuchefu tangu utotoni. Na mlenda, ambao ukweni kwangu Dodoma ni mboga ya kila siku, nilikuwa naumega kwa heshima ya wenyeji tu.

Aliyenifungua macho ni mama mkwe. Hakunisema wala hakunibembeleza. Aliniuliza tu, "Mwanangu, mlenda unakukera nini?"

Nikamwambia, "Mama, unateleza."

"Basi tupunguze utelezi. Mboga yenyewe ina kosa gani?"

Nikaona kumbe sikuwa na ugomvi na ladha ya mlenda hata kidogo. Kilichokuwa kinanikera ni ule mvuto wake. Na mvuto unarekebishika: magadi ndiyo huuzidisha, na kukoroga sana huuongeza zaidi. Mama akaacha magadi, akakaanga vitunguu na nyanya nyingi mpaka zikaiva vizuri, akatia majani na karanga za kusaga, akageuza mara chache tu, akaepua mapema. Uchachu wa nyanya hukata utelezi, kama vile ndimu inavyofanya kwenye bamia. Ulibaki mvuto kidogo ambao ugali wa dona uliuchukua wote. Nikala nikaongeza. Kuacha magadi kuna faida nyingine kwa wenye presha, maana magadi nayo yana sodiamu kama chumvi.

Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza swali lile la mama kwa kila chakula ninachokikataa: ni harufu, ni uchungu, ni mtafuno, au ni sura yake tu? Kila kimoja kina tiba yake jikoni.

Dagaa wangu ilikuwa harufu. Nilipoanza kuwachunguza sokoni nikaelewa kwamba harufu niliyokuwa naichukia ni ya dagaa waliokaa sana. Dagaa wazuri wanang'aa rangi ya fedha, wakavu, wanavunjika ukiwakunja. Wakishageuka rangi ya manjano au kahawia, ujue mafuta yao yameshaharibika, na hapo hata utie viungo gani ule ukali haufichiki. Chagua pia waliokaushwa juu ya vichanja. Walioanikwa chini huja na mchanga unaokuharibia mlo hata ukiwaosha mara ngapi.

Nikifika nyumbani nawatoa vichwa pamoja na kile cheusi cha tumboni, ambacho ndicho chenye uchungu. Nawapitisha kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, hadi waanze kukauka na kutoa sauti. Halafu nawamwagia maji ya moto yenye ndimu, nawaacha kidogo, nawasugua kwa mikono taratibu na kuwaosha mpaka maji yawe meupe. Nawachuja wakauke kabisa, kwa sababu dagaa wenye maji hawakaangiki, wanachemka kwenye mafuta na kunuka nyumba nzima. Nawakaanga wakakamae, nawaweka pembeni. Kwenye mafuta kidogo naanza upya: kitunguu, tangawizi, kitunguu swaumu, nyanya hadi mafuta yajitenge, hoho, ndipo dagaa warudi dakika za mwisho na ndimu juu. Wakichemshwa na rojo tangu mwanzo wanalainika, na ile harufu inarudi.

Kama tatizo lako ni sura, kwamba huwezi kula kitu kinachokutazama, wasage. Dagaa waliokaangwa wakavu husagika kwa kinu au blenda wakawa unga, na vijiko viwili kwenye sufuria ya maharage au mchicha havionekani. Hii ni njia nzuri kuliko watu wanavyodhani, maana chuma ya mboga za majani mwili huichukua kwa shida, lakini mboga ikiliwa pamoja na samaki au nyama, mwili unaichukua kwa wingi zaidi. Mchicha peke yake, kijani kama ulivyo, hauna msaada mkubwa kwa damu kama tulivyoaminishwa.

Maini ni mtafuno. Wengi wetu tulikua tukila maini yaliyochemshwa mpaka yakawa makavu na ya unga mdomoni, kisha tukaambiwa ndivyo yalivyo. Toa ile ngozi nyembamba ya juu na mishipa, kata vipande vyembamba, loweka kwenye maziwa au ndimu kwa nusu saa, futa maji. Kikaango kiwe cha moto kweli. Geuza, na mara tu damu inapoacha kutoka katikati, epua. Chumvi iwe ya mwisho. Yaive, lakini yasipitilize. Kwa mjamzito naweka tahadhari: maini yana vitamini A nyingi mno, na ikizidi inaweza kumdhuru mtoto tumboni, kwa hiyo aongee na wahudumu wa kliniki kabla ya kuyafanya mazoea.

Uchungu, kama wa mnafu, mchunga au nyanya chungu, hupungua ukichemsha na kumwaga maji ya kwanza, na hufunikwa na mafuta: tui la nazi au karanga. Watu wa Tanga na Pwani wanaokula mchunga kwa tui wanajua wanachofanya. Mafuta yale pia huusaidia mwili kupata vitamini A iliyomo kwenye majani. Lakini wapo waliozaliwa na ulimi unaosikia uchungu kuliko wengine. Ni maumbile, si kudeka. Ukiwa na mtu wa hivyo nyumbani, usimlazimishe. Matembele na majani ya maboga hayana uchungu.

Kuna jambo linalowaangusha wengi hata wakishajitahidi kula: chai. Ile rangi na ukakasi wa chai ndio unaoshika madini ya chuma tumboni yasiingie mwilini. Ukila dagaa na mchicha kisha ukashushia chai ya rangi, umepoteza sehemu kubwa ya kazi yako. Kahawa ni hivyohivyo. Mimi nimehamisha chai, nainywa saa nzima au zaidi baada ya mlo, na mezani naweka chungwa, pera au embe, kwa sababu vitamini C huvuta chuma ya mboga na maharage. Kwangu hili lilikuwa gumu kuliko dagaa, nakiri, lakini siku nilizokuwa nalishika nilikuwa najua ninachokula hakipotei bure.

Ulimi nao unazoea. Mtoto anaweza kuhitaji kuonja mboga mpya mara kumi au zaidi kabla hajaikubali, na mtu mzima hana tofauti kubwa. Onja tonge moja bila ugomvi, siku nyingine onja tena. Ukimpiga mtoto ili amalize kisamvu, atakikumbuka kipigo kila akikiona. Wenye presha pia wasikate tamaa na chakula kisicho na chumvi nyingi. Baada ya wiki kadhaa ulimi huzoea, na chakula cha zamani utakiona kimezidi.

Naomba lakini chakula kisichukue nafasi ya matibabu. Damu ikiwa chini namna ile, vidonge nilivimeza vyote, hata vilivyonifanya nifunge choo. Na sababu lazima itafutwe: minyoo, malaria, hedhi nzito, vidonda vya tumbo. Mwenye selimundu (sikoseli) asianze vidonge vya chuma kwa kuambiwa na jirani. Anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda aina ya warfarini asiongeze majani ya kijani ghafla bila kumwambia daktari, na mwenye figo dhaifu ana orodha yake tofauti kabisa na yangu.

Na si lazima ushinde kila kitu. Figo na bandama nilivijaribu kwa njia zote nilizozijua, nikaviacha. Hakuna kilichomo humo ambacho sikipati kwenye dagaa, maini na kunde. Ukikishindwa chakula kimoja, muulize mtaalamu wa lishe kingine chenye kazi ileile. Mara nyingi kipo, na mara nyingi ni cha bei nafuu zaidi.