Maswali na Majibu: Mwanamichezo Kizimbani, Rangi Yake na Kalamu ya Mhariri

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa uandishi wa habari, mkaazi wa Kisauni. Darasani tulijadili kesi ya O.J. Simpson, Mmarekani mweusi na nyota wa zamani wa futiboli ya Kimarekani aliyeshtakiwa kwa mauaji, tukaelezwa kwamba kura za maoni zilionyesha Wamarekani weusi na weupe wakiitazama kwa macho tofauti kabisa. Je, vyombo vya habari ndivyo vilivyowagawa? Na mhariri atajuaje kwamba habari yake imeelemea rangi au asili ya mshtakiwa?

JIBU: Ahsante kwa swali lako. Kwa maoni yangu, nikiwa mhariri wa habari za mahakama hapa Mombasa, vyombo vya habari viliukuza mgawanyiko huo lakini havikuuzaa. Machi 1991 polisi wa Los Angeles walinaswa kwenye video wakimpiga Rodney King, Mmarekani mweusi, na Aprili 1992 maafisa wanne walioshtakiwa wakaponyoka karibu mashtaka yote, jiji likawaka moto na watu zaidi ya 50 wakafa. Idara hiyo hiyo ya polisi ndiyo iliyochunguza mauaji ya Nicole Brown Simpson, mtalaka wa Simpson, na rafiki yake Ronald Goldman, ya Juni 1994. Mark Fuhrman, mmoja wa wapelelezi wa kesi hiyo, alipoapa kwamba hakuwa ametamka tusi la kibaguzi kwa miaka kumi, kisha kanda za sauti zikamuumbua, msikilizaji mweusi aliyeutilia shaka ushahidi wa polisi hakuhitaji kufundishwa na gazeti.

Zingatia pia namna kura za maoni zinavyouliza. “Je, alitenda?” ni swali moja, “Je, upande wa mashtaka ulithibitisha?” ni jingine, na “Je, unawaamini polisi?” hujipenyeza ndani ya yote mawili bila kutajwa. Simpson aliachiliwa huru tarehe 3 Oktoba 1995 katika kesi ya jinai, ambapo hatia huthibitishwa pasipo shaka ya maana. Mwaka 1997, katika kesi ya madai, ambapo hutosha kuonyesha kwamba jambo lina uwezekano mkubwa kuliko kinyume chake, alipatikana kuwa mwenye kuwajibika kwa vifo hivyo na akaamriwa kulipa dola milioni 33.5. Hukumu hizo mbili hazipingani kisheria, ingawa vichwa vya habari vingi viliziandika kana kwamba moja imeifuta nyingine.

Lawama ya wazi kabisa kwa wanahabari imo katika picha. Mwishoni mwa Juni 1994, jarida la Time na jarida la Newsweek yalitoa jalada lenye picha ile ile ya Simpson iliyopigwa na polisi. Newsweek iliiacha jinsi ilivyo. Time iliitia giza, uso ukawa mweusi zaidi na kingo zikafifia kama za mtu anayetokea kizani. Mhariri wa Time alieleza kwamba hawakukusudia ubaguzi. Huenda ni kweli, lakini msomaji hanunui nia ya mhariri, hununua jalada.

Hapa kwetu rangi ya ngozi haitajwi sana. Kinachofanya kazi hiyo ni jina la ukoo, kabila, au lile neno “wa bara”. Ili kujipima, chukua habari mbili za wanamichezo walioshtakiwa kwa kosa moja, zilizo katika hatua moja ya kesi, lakini wenye asili tofauti. Tazama nani kapewa picha akiwa na jezi na medali na nani kapewa picha ya pingu nje ya mahakama ya Shanzu. Tazama nani anaitwa “mshtakiwa” na nani “jambazi”, kisha uhesabu aya zinazopita kabla wakili wake hajanukuliwa. Na kama asili ya mtu haihusiani na shtaka, iondoe kwanza, uone kama habari imepungukiwa na chochote.

Kenya haina baraza la raia linaloamua kesi, kama lile lililomwachilia Simpson. Hakimu au jaji huamua mwenyewe, naye anafungwa na Ibara ya 50 ya Katiba inayomchukulia mshtakiwa kuwa hana hatia hadi ithibitishwe vinginevyo. Kwa hiyo madhara ya habari iliyoelemea hujitokeza zaidi nje ya mahakama: klabu huvunja mkataba, mdhamini hujitoa, na watoto wa mshtakiwa huzomewa shuleni. Ndiyo maana mimi hudai kwamba habari ya kuachiliwa ipewe ukurasa ule ule uliobeba habari ya kukamatwa, hata kama dawati la michezo litanung’unika kwamba imeshapoa.