Jibu: Blogu ya ofisi juu ya Domino, yenye seva Dar es Salaam na Mwanza

Ndugu mleta mada, umeuliza kama blogu ya ndani na fomu za likizo zinaweza kujengwa juu ya Domino, programu ya seva ya barua pepe na hifadhidata, ambayo ofisi yenu tayari inaitumia kwa barua pepe, au mnunue mfumo mwingine. Kazi hiyo nimeifanya katika ofisi moja ya eneo la Posta, Dar es Salaam, yenye tawi Mwanza. Inawezekana, ila usianze na rangi za ukurasa. Anza na safari ya hati kutoka seva moja hadi nyingine, kwa kuwa kila makala ni hati ndani ya hifadhidata, na kila seva ina nakala yake.

Domino hutoa kurasa za wavuti tangu 1996, mwaka mmoja baada ya IBM kuinunua Lotus, kampuni iliyoiunda, na kiolezo cha blogu kimekuwemo tangu enzi za toleo la 7. Kwa hiyo ukurasa wenyewe si kazi kubwa. Kilichonikosesha usingizi ni uga wa wasomaji, ule unaotaja nani aruhusiwe kuiona hati. Niliandika humo kundi la idara ya utumishi peke yake, nikaridhika. Baada ya siku chache wenzetu wa Mwanza wakapiga simu kwamba makala tatu hawazioni, ilhali kumbukumbu za seva hazikuonyesha kosa lolote. Kumbe seva ya Mwanza nayo huhesabiwa kuwa msomaji: isipotajwa katika uga huo, seva ya Dar es Salaam haiipelekei hati hiyo kabisa. Niliongeza LocalDomainServers, yaani kundi la seva zote za ofisi, katika uga huo wa kila hati, na asubuhi iliyofuata makala zote zilikuwa zimefika.

Maoni ya wasomaji yahifadhi kama hati-jibu zinazojitegemea, yaani kila oni hati yake iliyofungwa kwa makala. Mimi nilikuwa nikiandika idadi ya maoni ndani ya makala yenyewe, na kila mtu wa Dar na wa Mwanza walipochangia kabla seva hazijalinganisha nakala zake, ilizaliwa hati ya mgongano, yaani nakala ya ziada ya makala iliyobadilishwa pande zote mbili, ikatokea kwenye ukurasa kama makala ya pili.

Orodha ya "makala za wiki hii" usiijenge kwa fomula yenye @Now wala @Today (amri zinazotaja saa au tarehe ya sasa), kwa maana faharasa yake haihesabiwi kuwa imekamilika na seva huijenga upya kila inapofunguliwa. Programu ndogo ya usiku inayoweka alama kwenye hati inatosha.

Jambo jingine, ambalo ningelitanguliza kama ningekuwa nyinyi: kabla ya kufungua mlango wa wavuti, ingiza jina Anonymous katika orodha ya ruhusa za hifadhidata na ulinyime kila kitu. Lisipokuwemo, mgeni asiyejitambulisha hupewa ruhusa ya Default, ile ya yeyote asiyetajwa katika orodha, na kwetu Default ilikuwa Mhariri. Tuliligundua kwa sababu fundi wa mtandao, akijaribu kiungo kwenye simu yake bila kuingiza nywila, alikuta kitufe cha kuhariri tangazo la mkurugenzi.