Jua la saa sita usiku: kwa mdogo wangu anayeenda Tromsø mwezi wa sita

Juzi mdogo wangu mmoja wa Tanga kanitumia voisi WhatsApp, kapata nafasi ya kwenda Tromsø, kule Norway kaskazini kabisa, anaondoka katikati ya mwezi wa sita, na swali lake lilikuwa moja tu, "dada si ni majira ya joto kule sasa hivi, nibebe nguo nyepesi eh?" Nikaanza kumjibu kwa voisi nikafuta, nikaanza tena nikafuta, mwisho nikaona bora niandike maana jibu fupi lingemponza, na najua kuna wengine wanaoenda huko kusoma au kufata familia watapata la kuchukua.

Mi nilifika Tromsø mwezi wa nane 2014, nimeenda kusoma mambo ya uvuvi, kwahiyo majira yangu ya kwanza ya jua lisilozama yalikuwa 2015. Watu wote walinitisha kuhusu giza la mwezi wa kumi na mbili. Hakuna hata mmoja aliyenitahadharisha kuhusu mwanga, na mwanga ndo ulionitesa zaidi.

Sikia mdogo wangu. Sisi pwani jua linatufanyia kazi mbili, linatupa joto na linatupa saa. Likichomoza tunaanza kuhesabu, saa moja asubuhi, saa mbili, likizama tunaanza upya, saa moja jioni, saa mbili usiku, hatujiulizi hata siku moja maana mwaka mzima halichelewi wala haliwahi sana. Sasa kule mwezi wa sita jua lipo masaa ishirini na nne lakini kazi zote mbili limeziacha, saa halikupi na joto halikupi, ukilifata kama ulivyozoea nyumbani utaumwa. Hilo ndo nataka ulishike, mengine yote nitakayosema yanatoka hapo.

Tromsø ni mji wa kisiwani, uko karibu digrii 70 kaskazini ya ikweta, na mstari wa Aktiki, ule ambao ukiupita kuna siku za kiangazi jua halizami, uko kama digrii 66 na nusu, kwahiyo mji umeupita mstari kwa mbali. Dunia inazunguka ikiwa imeinama, kwahiyo mwezi wa sita upande wa kaskazini unakuwa umelielekea jua muda wote, hata dunia ijizungushe vipi mji hauingii gizani. Kuanzia kama tarehe 20 mwezi wa tano mpaka kama tarehe 22 mwezi wa saba jua halizami kabisa. Asubuhi liko mashariki, mchana linapita kusini, jioni magharibi, alafu badala ya kuzama linateremka taratibu linapita upande wa kaskazini, chini chini, tarehe 21 mwezi wa sita ukinyoosha mkono mbele yako ukalaza vidole viwili juu ya mstari wa bahari ndo kimo chake, alafu linaanza kupanda tena. Mahali pa chini kabisa linafika kama saa saba kasoro robo usiku, sio saa sita kamili, kwa sababu ya namna saa za kule zinavyopangwa. Na sio kila sehemu ya mji utaliona muda huo maana milima imezunguka, ila hata ukikaa nyuma ya mlima au kukiwa na mawingu mazito bado utasoma gazeti nje bila taa.

Chumba changu kilikuwa na dirisha linaloangalia kaskazini. Nilipopewa mwezi wa nane nilisikitika kidogo nikajua sitapata jua, kumbe jua lilikuwa linanisubiri usiku. Pazia la chumba lilikuwa jembamba kama chandarua, ikabidi nitundike khanga aliyonipa mama siku ya kuondoka, ile yenye jina Usisafirie nyota ya mwenzio. Sitasahau usiku ule, nimelala nimeamka saa nane, jua limelipiga dirisha moja kwa moja, khanga yote imewaka kama taa, pindo jekundu limejichora ukutani na maandishi ya mama nayasoma kinyumenyume kutoka kitandani. Nilikaa nikaitazama muda mrefu nikalia, kwa kumkumbuka mama na kwa uchovu pia, maana ilikuwa kama siku ya kumi sijalala vizuri. Na nyota yenyewe kule huioni, tangu mwezi wa nne mwishoni mpaka mwezi wa nane anga haliwi jeusi la kutosha, na zile taa za kijani za angani ambazo watu wanaziona kwenye picha za Tromsø nazo huzipati majira haya, ni za miezi ya giza, usije ukadanganywa na mtu akakuuzia safari ya kwenda kuziona mwezi wa sita.

Kwahiyo kitu cha kwanza kabisa ukifika, kabla hata ya laini ya simu, ni dirisha. Nunua pazia zito la kuzuia mwanga, kule kuna ya kuvuta juu chini na ya kawaida, na ukipima pima kubwa kuliko dirisha lenyewe kwa sababu mwanga ni kama maji, unapenya pembeni. Ukiwa huna hela bado, chukua karatasi ya foili ya jikoni ubandike kwenye kioo kwa selotepu, mi nilifanya hivyo wiki ya tatu na usiku huo nikalala masaa tisa. Na kile kitambaa cha macho wanachogawa kwenye ndege usikiache. Vizibo vya masikio pia, maana ndege wa baharini wa kule wanazaa hadi kwenye kuta za majengo mjini na kwao hakuna usiku, wanapiga kelele saa tisa usiku kama kunguru wetu saa tatu asubuhi.

Usiku usiuache uje wenyewe, hautakuja. Uutengeneze. Mwili unajua ni usiku kwa kuona giza, ndo unatoa ile homoni ya kukuletea usingizi, sasa giza lisipokuja mwili haupati taarifa, unajisikia una nguvu tu, saa tano usiku unaona kama saa kumi jioni, nje watoto wanacheza mpira, jirani anapaka rangi nyumba, mwingine anakata majani, na wewe unasema ngoja nifue, ngoja nitembee kidogo mpaka darajani. Wenyeji wanafanya hivyo kwa sababu wametoka kwenye giza la miezi na wanalilipizia, ni raha yao na wameizoea tangu utoto. Wewe mgeni wiki mbili za kwanza weka alamu ya kulala, sio ya kuamka tu. Saa nne usiku funga pazia nyumba nzima, sio chumba tu, punguza taa, oga, kaa na kigiza chako hata kama nje kunawaka.

Na simu yako iweke kwenye saa za ishirini na nne. Hili nalisema kwa uchungu. Nilikuwa na kazi ya kiangazi ya usafi, nikarudi mchana nimechoka nikalala, nikashtuka simu inasema 7:10, jua liko vilevile kama nilivyoliacha, nikajua nimechelewa kazini asubuhi. Nikavaa mbiombio bila kula nikakimbia kituo cha basi, nimesimama pale natetemeka, mama mmoja mzee akapita na mbwa wake akanisalimia "god kveld", yaani habari za jioni. Nilishindwa kumjibu. Niliogopa kweli, nikahisi akili imeniacha, kumbe ni usingizi tu uliokosekana wiki nzima. Ukianza kuchanganya asubuhi na jioni hivyo usijikaze, mwambie mtu, omba siku ya kupumzika, ulale.

Usisahau na nyumbani. Majira hayo Norway iko nyuma yetu saa moja tu, winta ndo inakuwa masaa mawili. Mi usiku mmoja nimekaa nje kwenye jua naona bado mapema nikampigia mama, kumbe Tanga saa saba usiku, akapokea sauti inatetemeka, "nani kafa?" Unajua kwetu simu ya usiku maana yake nini. Mama alikaa macho mpaka alfajiri, mpaka leo najutia ile simu. Angalia saa kwanza kabla hujabonyeza jina la mtu.

Kwa sisi Waislamu kuna swali ambalo najua utaniuliza. Mwaka ule wa 2015 Ramadhani ilianza tarehe 18 mwezi wa sita ikaisha katikati ya mwezi wa saba, yaani mwezi mzima umo ndani ya jua lisilozama, hakuna magharibi wala alfajiri. Tulifata saa za Makka, tunafuturu saa moja na dakika chache za jioni, ila tende iko mkononi na jua liko juu kabisa linakuangalia machoni. Siku ya kwanza mkono ulikuwa mzito, nilijihisi kama nakula mchana. Kama una wasiwasi waulize pale msikitini mapema, usisubiri ufike ndo uanze kugugo usiku usio na usiku. Miaka hii Ramadhani imesogea haiko tena kwenye miezi hiyo, lakini sala tano zipo kila siku, kwahiyo ratiba utaihitaji tu.

Sasa tuje kwenye hizo nguo nyepesi. Neno "majira ya joto" limewaponza wengi. Wastani wa mwezi wa saba pale, na huo ndo mwezi wa joto kuliko yote, ni kama digrii 12. Tanga usiku wa baridi kabisa wa mwezi wa saba, ule wa kujifunika shuka mbili, bado ni kama 20. Mchana wa kawaida utakuta 13, 14, 15, na upepo wa baharini unakata. Jua hata saa sita mchana halipandi katikati ya anga, halifiki nusu ya njia hata tarehe 21 yenyewe, mwanga wake unakuja kwa mshazari umechoka, ndo maana unawaka bila kuchoma. Kuna siku inapanda mpaka 25, imewahi hata kufika 30, mji mzima unavua nguo unamwagikia Telegrafbukta kwenye ufukwe, lakini kesho yake inaweza kuwa 7 na manyunyu ya siku tatu, na milimani utaona theluji mpaka mwezi wa saba. Wenyewe wana rekodi ya theluji ya sentimita 240, ilipimwa mwishoni mwa mwezi wa nne 1997, sasa theluji ya namna hiyo haiyeyuki kwa wiki moja. Na hapo ujue bahati yao ni mkondo wa maji ya uvuguvugu unaopanda kutoka Atlantiki, bila huo hata bandari ingeganda.

Kwahiyo beba fulana ya sufu ya kuvaa ndani, sweta, jaketi la mvua linalozuia upepo (mwavuli uache, upepo utaukunja siku ya kwanza), kofia, soksi nene, alafu juu ya hapo hizo nguo zako nyepesi mbili tatu. Vaa kwa tabaka uwe unavua na kuvaa, mi jaketi lilikuwa halitoki kwenye begi hata kukiwa na jua kali. Miwani ya jua ni lazima, jua la usiku liko usawa wa macho na linaumiza ukiwa unatembea au unaendesha. Kila asubuhi angalia apu ya Yr, ndo ya taasisi yao ya hali ya hewa na watu wote pale wanaitumia, usiangalie dirishani ukaamua, dirisha litakudanganya kila siku. Baharini ukiingia ingia kwa sekunde, maji ni baridi ya kukata pumzi hata siku ya digrii 25. Na moto usiwashe ovyo msituni au karibu yake, kuanzia katikati ya mwezi wa nne mpaka katikati ya mwezi wa tisa sheria inakataza nchi nzima.

Jambo la karatasi, mwezi wa saba ofisi nyingi zinabaki na mtu mmoja au hakuna kabisa, wote likizo. Barua yangu moja ya kibali ilikaa wiki tano bila kujibiwa. Yako yote ya saini na mihuri yamalize kabla ya mwezi wa sita kuisha, na Jumapili maduka makubwa mengi yamefungwa, nunua mkate Jumamosi.

Na siku moja, ukishalala vizuri wiki nzima, panda mlima wa Storsteinen usiku, kuna ile kebo inakupandisha mpaka mita 421. Chagua usiku usio na mawingu, uwe juu saa sita na nusu. Utaona mji wote chini umekuwa rangi ya asali, daraja, kanisa lao lile jeupe la pembetatu, vivuli vya watu virefu mpaka vinafika kwa mtu mwingine, na jua limekaa kaskazini juu ya maji halizami. Hapo nilisamehe kila kitu.

Ukifika nitumie picha ya dirisha la chumba chako kabla hujafungua begi, nijue linaangalia wapi. Khanga ya mama yako pia usiiache, ila usiitundike hapo.