Ukipanga Nyumba Watamu, Anza na Jedwali la Maji

Desemba ikikaribia, ndugu na marafiki wa bara hunipigia simu na swali lile lile: "Tumepata nyumba Watamu, tutembee wapi?" Nami huwauliza kwanza, mwezi wa angani utakuwa na siku ngapi mkifika? Wengine hudhani nawatania. Lakini huku Watamu, pwani ya Kenya, bahari ndiyo inayopanga ratiba, na bahari yenyewe inafuata mwezi.

Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji huwa ya bamvua: yanajaa sana na kupwa sana, tofauti ikapita mita 3. Siku hizo hapa kwetu bahari hukauka mnamo saa nne, saa tano asubuhi, ikarudi juu alasiri. Kila siku inayofuata saa zinasogea mbele kama dakika 50, hadi baada ya wiki moja, wakati wa maji mafu, saa nne ile ile inakuta maji yamejaa. Kwa hiyo mtu akikwambia "nendeni mkaogelee saa nne", muulize saa nne ya lini. Majedwali ya maji hutolewa na Mamlaka ya Bandari ya Kenya, na simu nyingi zinaweza kuyapata bure. Au muulize mvuvi yeyote. Atakujibu bila kutazama chochote.

Bamvua ndiyo ya kutembea baharini kwa miguu. Mafungu ya mchanga mweupe yanajitokeza, yale ambayo Waitaliano, waliojaa pwani hii miaka mingi, waliyapachika jina la Sardegna 2. Vaa viatu vya mpira, kwa sababu ya wale wadudu weusi wenye miiba mirefu, na uanze kurudi maji yanapogeuka, si yanapofika magotini. Matumbawe yenyewe usiyakanyage. Hifadhi ya bahari ya Watamu ilitengwa mwaka 1968, na bado ina samaki wa kumfanya mtoto apige kelele ndani ya maji.

Ada ya hifadhi inalipwa kwa eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali. Ilipie nyumbani usiku uliotangulia, si pale ufukweni jua likiwaka na mtandao ukisuasua. Beba kitambulisho, maana bei ya Mkenya na ya mgeni hazifanani hata kidogo. Kisha uliza kabla hujaingia botini: bei hii ni ya boti au ya kichwa? Miwani ya kuogelea na maboya ya kuvaa yamo? Ada ya hifadhi imo? Maswali hayo yakijibiwa waziwazi, safari ina heri.

Kuna nahodha mmoja mzee niliyemfuata na watoto, pesa mkononi, mwezi wa saba. Alitazama maji, akatazama watoto. "Leo hapana, mama. Kusi imechachamaa, chini hamtaona kitu, na hawa utawatapisha bure. Njoo Alhamisi." Namba yake ninayo hadi leo. Anayekukatalia pesa yako kwa sababu ya upepo, huyo ndiye wa kusafiri naye.

Na kweli, kuanzia Aprili hadi karibu Septemba, kusi ikivuma, mwani hujaa ufukweni na mawimbi hayana adabu. Anayetaka bahari tulivu na maji ya kuona mbali aje wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi. Lakini nyumba za kusi huwa na bei nafuu, na mambo mazuri ya nchi kavu hayategemei upepo.

La kwanza ni Gede. Ningekuwa na siku moja tu ya kumtembeza mgeni, ningempeleka huko kabla ya ufukwe wowote. Ni mji wa Waswahili uliostawi kuanzia karne ya 13 hadi mwanzoni mwa karne ya 17, kisha watu wakahama na msitu ukaingia sebuleni. James Kirkman alianza kuufukua mwaka 1948, na mwaka 2024 UNESCO ikauingiza kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Nyumba zimepewa majina ya vitu vilivyookotwa ndani yake: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Kauri, Nyumba ya Kisanduku cha Pembe. Watoto wangu hushindana kubuni nyumba yetu ingeitwaje baada ya miaka 600. Jibu linaloshinda siku zote ni Nyumba ya Chaja.

Chukua kiongozi pale langoni. Bila yeye utaona kuta; pamoja naye utaona vyoo vya ndani, mahali pa kutawadha, na kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Atakusimamisha pia kwenye kisima cha msikiti mkuu, kilichochimbwa tena kwenda chini zaidi, na hapo mtaanza kubishana kwa nini watu waliondoka. Kupungua kwa maji kunatajwa sana. Uwe umefika saa mbili asubuhi, maana mbu wa kule hawajali kwamba wewe ni mtalii. Na ndizi iache garini: kima wa Gede wanaijua zipu ya begi kuliko mwenye begi.

Humo humo kuna mradi wa Kipepeo, ulioanza mwaka 1993. Wanakijiji wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke hufuga vipepeo na kuuza mabuu yao, yakiwa yameshajifunga ganda, nje ya nchi, ili msitu uwe na faida ukiwa umesimama. Asali yao ni nzuri pia, nunua. Msitu wenyewe una kilomita za mraba kama 420, ndovu ndani yake, na bundi mdogo anayetafutwa na wapenda ndege kutoka kila pembe. Uende alfajiri na kiongozi, na usiende na mtoto asiyeweza kunyamaza nusu saa.

Hori la Mida, mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, linakurudisha kwenye jedwali la maji. Ukitaka kuingia kwa mtumbwi kati ya mikoko, maji yawe yamejaa. Ukitaka ndege, hasa wale wanaokuja kukimbia baridi ya kaskazini, uende yakiwa yanapwa na matope yako wazi. Upande wa Dabaso wanakijiji wana mkahawa juu ya maji wenye sambusa za kaa. Jioni watu hufurika kwa ajili ya jua kuzama. Mimi hupenda alasiri, meza zikiwa tupu na sambusa zikitoka moto.

Malindi? Mnara wa Vasco da Gama, aliyetia nanga hapo mwaka 1498, ni wa dakika kumi na picha moja. Kaa zaidi kwenye vichochoro vya mji wa kale, ule viazi vya karai na achari ya ukwaju. Kuogelea hapo msimu wa mvua sikushauri, maana mto Sabaki humwaga udongo wote wa bara na bahari hugeuka rangi ya chai ya maziwa.

Vuka daraja la huo Sabaki ufike Marafa, lakini kwa wakati wake. Makorongo ya huko, yaitwayo Nyari, mekundu, meupe na ya chungwa, hayana maana saa sita mchana: joto litakuangusha na rangi zimefifia. Ondoka Watamu baada ya chakula cha mchana, tia mafuta Malindi, ufike saa kumi hivi. Wenyeji watakupa kisa cha tajiri aliyeoga maziwa ya ng'ombe hadi Mungu akaididimiza nyumba yake, na wanakisimulia vizuri kuliko nitakavyokiandika. Mtarudi gizani mna vumbi jekundu hadi kwenye nyusi, kwa hiyo kabla ya kutoka mwambie mpishi muda wenu, na mhakikishe tangi la juu limejaa maji.